Nani Anazimaga Kwenye Soketi

Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa natoa hukumu. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na tangu wiki ile ya msiba hapakuwa na mtu mwingine wa kusema huyu kakosa, huyu hakukosa. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na mdogo wetu wa mwisho, wa kike, ambaye mama alimwacha akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilivua sare ya shule, nikakaa kwenye cherehani ya mama na kuanza kushona sare za watoto wa watu wengine. Mpaka leo ndiyo kazi yangu.

Nimeamua kesi nyingi kwenye ile sebule yetu ya mtaani Kamunyonge. Nani kamaliza sukari, nani kaacha geti wazi mbuzi wa jirani wakaingia kwenye mchicha. Nyingi niliamua kwa haki. Moja niliamua huku nikijua kwamba mkosaji ni mimi, na aliyeadhibiwa ni yule mdogo wa mwisho. Hiyo ndiyo ninayoiandika hapa, na sijui kuiandika kwa namna ambayo haitanitia aibu.

Ilianza na kompyuta. Shule moja niliyokuwa naishonea sare ilibadilisha kompyuta zake, na mkuu wa shule akanipa moja kati ya zile za zamani, kioo chake kizito na lile boksi lake ambalo watu huliita sipiyu. Tuliiweka sebuleni kwenye meza ya chakula, hatua tatu kutoka kwenye cherehani, karibu na dirisha. Siku hiyohiyo niliishonea kava kwa kitambaa cha sare kilichobaki, cha bluu iliyoiva, nikalitarizi pembeni kwa uzi mweupe. Kwetu kitu cha thamani hakikai wazi. Redio ina kitambaa chake, jagi la maji lina chake, na kompyuta nayo ikapata kava lake, refu mpaka chini, limeibana kila upande.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa anasomea ualimu Bunda, aliiwekea masomo ya Kiingereza kwa ajili ya mdogo wake, aliyekuwa kidato cha tatu na Kiingereza kinampiga chenga. Masomo yalianzia chini kabisa. Mtu anasema sentensi, wewe unairudia, halafu unaiandika. Ukikosea inatokea alama nyekundu, ukipatia inatokea ya kijani.

Hakuna aliyejua kwamba mwanafunzi wa masomo yale nilikuwa mimi.

Lazima nieleze kwa nini nilijificha, maana si jambo la kuficha. Kwa miaka yote niliyowalea wale wawili nilikuwa nakagua madaftari yao. Nilishika daftari la Kiingereza, nikafungua kurasa taratibu, nikatazama vile vyekundu vya mwalimu na kusema, "Hapa umelegea." Nao waliinamisha vichwa. Niliwaambia nilikuwaga wa kwanza darasani, na kwamba isingekuwa msiba ningekuwa daktari. Wa kwanza sikuwahi kuwa. Lakini neno hilo liliwafanya wasome, na lilinifanya nikae kwenye ile meza kama mzazi. Sasa niliona ni vigumu mzazi huyo kukutwa saa nne asubuhi akirudia kwa sauti ya chini namna ya kuomba maji kwa Kiingereza.

Kwa hiyo nilisoma wakiwa hawapo. Wa kiume yuko Bunda, wa mwisho kaenda shule, wateja hawajafika. Nilishona sketi mbili, nikafungua kava kidogo upande wa mbele, nikasoma nusu saa, nikarudi kushona huku kompyuta ikiendelea kuwaka. Geti letu ni la bati na lina mnyororo, likiguswa unasikia. Nikisikia mnyororo nilinyoosha mkono nyuma ya meza na kuchomoa waya kwenye soketi. Kioo kinakuwa cheusi, kava linashuka, nami niko kwenye cherehani mguu ukikanyaga pedali.

Kuzima kwa utaratibu nilikujua, ila kulichukua muda. Kompyuta ile ilizimika polepole, kama mzee anayeaga msibani, kila kiti anasimama. Mimi nilikuwa na muda wa mtoto kutembea kutoka getini mpaka mlangoni. Na nitasema jambo moja, si kwa kujitetea: cherehani ikikuchanganyia uzi, unaibana gurudumu kwa kiganja, inasimama papo hapo, wala haidhuriki. Nilidhani mashine zote ndivyo zilivyo.

Siku moja mdogo wetu aliingia, akaweka begi mezani, akaegemea kompyuta.

"Dada, mbona hii kitu ya moto?"

"Jua la dirishani."

"Hili dirisha jua linaingiaga jioni."

"Leo limewahi. Nenda kavue sare."

Akacheka, akaenda kuvua sare. Mimi nikaendelea kushona mstari ambao ulikuwa umeshashonwa.

Baada ya miezi kama miwili, kompyuta ikaanza kugoma kuwaka moja kwa moja. Ukiiwasha kioo kinabaki cheusi na maandishi meupe, ya Kiingereza. Nilikuwa nimeshasoma kiasi cha kuelewa kwamba inataka kujikagua diski, na kwamba ukibonyeza kitufe chochote ndani ya sekunde chache utauruka ukaguzi. Nikawa nabonyeza. Nusu saa yangu ilikuwa ndogo, sikutaka kuigawana na ukaguzi. Nilibonyeza siku nyingi sana. Ni sawa na mtu anayekuambia ana homa, wewe unamwambia aje akwambie kesho.

Ikafika siku ambayo haikuruka tena. Ilikuwa Ijumaa, mwanzo wa likizo ya Juni. Mdogo wangu alikuja kutoka Bunda kuchukua ripoti yake ya mazoezi ya kufundisha. Mazoezi aliyafanya Kibara, na ripoti aliichapa pale nyumbani, kidogo kidogo, kila alipokuja. Chuo kilitaka ripoti hiyo ndani ya siku kumi. Nakala haikuwepo mahali pengine. Akaiwasha kompyuta, maandishi meupe yakatokea, namba ya asilimia ikapanda mpaka ishirini na saba, ikasimama hapo.

Alikaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Jumamosi akaiwasha tena asubuhi. Ishirini na saba. Saa sita mchana umeme ukakatika, na uliporudi mashine ikaanza upya kutoka sifuri, ikapanda mpaka palepale.

"Inajikagua kwa sababu haifungwi vizuri," alisema. "Kuna mtu anaikata tu. Ukiikata ikiwa inaandika, diski inajeruhiwa. Nani anazimaga hii mashine kwenye soketi?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza funguo ziko wapi, si kwa hasira. Nilikuwa jikoni. Nilisikia vizuri nikajifanya nageuza samaki.

Jumapili baada ya Misa tulikaa sebuleni. Ndiyo ilikuwa desturi yetu, mambo ya wiki nzima tunayamaliza siku hiyo, redio imezimwa. Mama jirani, ambaye alitusaidia sana tangu msiba wa mama na ambaye tunasali naye jumuiya moja, alikuwa amepita kuchukua gauni lake, nikamwambia akae. Ningeweza kumwacha aende. Nafikiri nilitaka mtu mzima awepo ili kesi iende haraka.

Mdogo wangu akauliza tena swali lake. Mdogo wetu wa mwisho akasema, "Sio mimi."

"Nani sasa? Mimi niko Bunda."

"Mimi nazimaga kama ulivyonifundisha. Nabonyeza pale, nasubiri."

"Kwa hiyo inajizima."

"Sijui, kaka. Labda umeme."

"Umeme haukatiki kila siku, we mtoto."

Kisha wote watatu wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye hakimu. Nakumbuka mama jirani alikuwa ameshika gauni lake mapajani, bado lina pini. Nakumbuka mdogo wetu alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemtazama wakili wake. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno moja. Nikasema maneno mengine.

"Ni huyu na flashi zake za tamthilia. Anaangalia mpaka anasikia nakuja, anachomoa waya."

Angalieni nilivyofanya. Nilieleza kosa langu lote, hatua kwa hatua, nikabadilisha mtu tu.

Mdogo wetu akasema, "Dada, wallahi."

"Usiape," mama jirani alimwambia. "Wewe ni Mkristo. Kosa likubali, uombe msamaha, liishe. Mbona ni dogo?"

"Sijafanya."

"Ona anavyokaza shingo," mdogo wangu akasema. "Ripoti yangu inakufa humo ndani, yeye anakaza shingo."

Nikatoa hukumu. Likizo yote ataenda Butiama kwa shangazi yetu, dada yake baba, akasaidie muhogo, na simu ataiacha. Mama jirani akaongeza kwamba huko huko aende kitubio, aungame huo ubishi na uongo wake, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Mtoto alifunga nguo zake kwenye mfuko wa nailoni bila kuniomba begi. Jumatatu asubuhi nilimsindikiza stendi. Aliniamkia, akapanda gari, akatazama mbele.

Mdogo wangu alirudi Bunda siku hiyohiyo. Alisema kompyuta isiguswe mpaka Alhamisi, siku ambayo angekuwa na nafasi ya kuniongoza kwa simu.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi alipiga. Aliniongoza kama unavyomwongoza kipofu kuvuka barabara, kwa upole, neno kwa neno, na mimi nikamwacha aniongoze.

"Dada, kuna kitufe cha duara mbele. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Kabla ya kukibonyeza, angalia kama kuna flashi yoyote imechomekwa. Ni kakitu kadogo kanajitokeza."

"Hakuna."

"Haya bonyeza. Kuna maandishi?"

"Yapo."

"Nisomee herufi moja moja, nitaelewa."

Nikamsomea herufi moja moja. Kila neno nililijua. Nilimtajia herufi kama mtu ambaye hajui zinakwenda wapi, na yeye upande wa pili anasema, "Safi dada, vizuri sana." Sikumbuki kusifiwa kulikoniuma kiasi kile.

Namba ikapanda. Ishirini na saba. Akaniambia nisiizime hata iweje, ikae hata siku nzima, kwa sababu diski ikiwa na sehemu mbovu mashine inarudia kuisoma sehemu hiyo mara nyingi kabla ya kukata tamaa nayo. Akaniuliza kama inatoa sauti. Nikainama, nikaweka sikio. Ilikuwa inagonga: tk, kimya, tk, tk, kimya. Ni sauti ninayoijua. Sindano ikipinda ikaanza kugusa bati la chini, inagonga hivyo. Nikamwambia.

"Mungu wangu. Na boksi lina joto?"

"Lina joto kweli."

"Lina joto, na umelivalisha shuka! Toa hilo kava, dada. Ubavuni kuna matundu, hapo ndipo inapumulia. Yana vumbi?"

Nilitoa kava. Matundu hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na blanketi la vinyuzi, laini, nene kama kidole, la bluu na nyeupe. Vilikuwa vinyuzi vya sare. Feni ilikuwa inavuta kila kinachoruka kutoka kwenye kitambaa ninachokata, asubuhi baada ya asubuhi, mashine ikiwaka hatua tatu kutoka kwangu. Kompyuta iliyozimwa haivuti kitu. Mdogo wetu akiiwasha jioni mimi sishoni, maana jioni nakuwa jikoni.

"Vumbi lipo?" aliuliza.

"Lipo kidogo," nikasema.

Nikalibandua kwa vidole na kibano cha kutolea uzi, nikalikunja kwenye kipande cha gazeti na kulitupa jaa la nje kabla ya mtu yeyote kuliona. Boksi likaanza kupoa. Nikakaa kwenye cherehani nikashona huku jicho liko kwenye kioo. Saa tano ilikuwa ishirini na saba. Saa sita nikaacha kushona ili nisije nikasababisha umeme kuzidiwa, jambo ambalo halina maana kwa kuwa cherehani yangu ni ya mguu, lakini niliogopa. Saa saba na robo ikawa ishirini na nane. Nilisimama, nikapiga makofi peke yangu kama kichaa. Baada ya hapo ikatembea, polepole, inasimama, inatembea. Mdogo wangu alipiga kila akitoka darasani. "Imefika ngapi?" Hamsini na nne. "Imefika ngapi?" Themanini.

Saa kumi kasorobo ukaguzi uliisha na kompyuta ikafunguka. Nilimpigia.

"Asante Mungu. Sasa dada, usiguse kitu. Kesho asubuhi nitamwomba yule wa steshenari pale Mukendo aje anikopie ripoti kwenye flashi. Wewe hujui, unaweza ukafuta."

"Sawa."

Akakata simu. Na kompyuta ikaendelea kugonga. Tk, kimya, tk, tk. Kila mara vipindi vya kimya vinazidi kuwa vifupi. Mimi ni mshonaji, najua mashine inayokaribia kukatika. Kesho asubuhi ilikuwa mbali mno. Nikaenda chumbani kwa mdogo wetu, nikachukua flashi yake, ileile ya tamthilia niliyoitumia kumtia hatiani. Nikaichomeka. Nikaifuata ripoti kwenye folda yake, nikaikopi, nikabandika. Ilichukua dakika ishirini kwa kitu ambacho siku nyingine huchukua pumzi moja. Kisha nikaizima kwa utaratibu, nikasubiri mpaka mwisho. Haikuwaka tena baada ya siku ile.

Ningeweza kuishia hapo nikiwa na kitu kimoja kizuri cha kusimulia. Lakini mdogo wangu alipopiga tena jioni, nilimwambia ripoti iko salama kwenye flashi.

"Nani kakopia?"

"Yule wa steshenari. Alikuwa anapita, nikamwita."

"Kabla sijampigia?"

"Kabla."

"Mungu ambariki yule baba," akasema. Ripoti ile ilikuwa mwaka mzima wa maisha yake.

Jumamosi alikuja. Aliichomeka flashi kwenye kompyuta ya kuazima ya rafiki yake, akaona kila ukurasa upo, akanikumbatia. Halafu akatoka. Sikumuuliza anaenda wapi, nilidhani anaenda kuchapisha. Alienda mwaloni, kwa wavuvi, kununua sato mkubwa, akamshika mkononi, akampeleka Mukendo kushukuru. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuokoa humwendei mikono mitupu, wala husubiri siku ya pili.

Alirudi baada ya saa moja na samaki yuleyule. Nilikuwa kwenye cherehani nimebana pini midomoni. Alimweka samaki mezani, pale ilipokuwaga kompyuta, akavuta kiti.

"Huyu samaki kakataliwa," akasema. "Yule baba kasema hajawahi kuingia nyumba hii. Kasema yeye Kamunyonge anaijua kwa kupita tu. Nimembembeleza, nikadhani anaona aibu kupokea. Kasema hawezi kula samaki wa kazi ambayo hajafanya."

Nilitoa pini ya kwanza nikaichoma kwenye kifuko chake. Nikatoa ya pili. Zilikuwa sita. Hakunihimiza.

"Nimekopia mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Mimi."

"Nani kakufundisha?"

"Yale masomo uliyoweka. Na kubonyezabonyeza."

"Saa ngapi? Mbona hujawahi..." Niliona inavyomfikia, kama namba ile ilivyokuwa inapanda, inasimama, inapanda. Akatazama soketi nyuma ya meza. Akatazama cherehani. Akapima kwa macho zile hatua tatu.

"Dada. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilitegemea apige kelele. Ningefurahi kama angepiga. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa hiyo mtoto yuko Butiama kwa kosa gani?"

Akasimama, akasema samaki nimkaange, maana ataharibika, na kwamba kuna mtu huko Butiama hajala samaki wa ziwani wiki nzima. Hakukaa kula chakula cha mchana. Alirudi Bunda na ripoti yake.

Jumapili nilisali Misa ya kwanza, nikapanda gari la Butiama na samaki kwenye hotipoti. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Yote yalianza na mimi nilivyolelewa, nilivyoacha shule, nilivyohangaika. Tulipofika nikagundua hakuna hata sentensi moja iliyoanza na jina lake.

Nilimkuta nyuma ya jiko la shangazi, amekaa kwenye kigoda, anamenya muhogo. Mikono yake ilikuwa imechafuka mpaka kwenye viwiko. Shangazi ndiye aliyeniona kwanza.

"Haa! Bibi mkubwa wa mjini kaja! Umeleta sukari au umeleta kesi nyingine?"

"Shikamoo shangazi. Nimeleta samaki."

"Marahaba. Samaki anaingia, kesi ibaki nje."

Mdogo wetu aliniamkia bila kuacha kumenya. Niliomba tuzungumze pembeni. Akasema, "Zungumza tu, dada. Shangazi alishaambiwa mimi ni nani."

Basi nikasema palepale, nimesimama, mbele ya shangazi na kuku. Nikasema aliyekuwa anachomoa waya ni mimi. Nikasema nilijua siku ile ya kikao kwamba ni mimi. Shangazi akaweka chini ungo.

"Ulikuwa unafanya nini humo kwenye hiyo kompyuta hata ukimbie mtoto?"

"Nilikuwa nasoma."

"Unasoma nini?"

"Kiingereza."

"Cha darasa gani?"

Nikasema, "Cha mwanzo."

Shangazi alicheka, akashika mbavu. "Wewe! Si ulituambia ulikuwa wa kwanza, walimu walilia ulipoacha?" Alicheka peke yake, kisha akamtazama mtoto, akaacha.

Mdogo wetu alikuwa ameshika kisu na muhogo, hamenyi. Nilitegemea atalia au atanitukana, na vyote nilikuwa nimejiandaa kuvipokea.

"Mimi nilienda kitubio," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Jana. Mama jirani alisema niende, na wewe uliitikia. Shangazi akanipeleka. Nikamwambia Padre nimeharibu kompyuta ya nyumbani na ripoti ya kaka, na nimemdanganya dada yangu. Nilisema hivyo kwa sababu nilichoka kuambiwa nimekaza shingo. Akanipa sala za kusali, nikasali zote." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka ila sauti haikubadilika. "Kwa hiyo nimedanganya kwenye kitubio, dada. Uongo wenyewe ndio huo. Nikarudi nimwambieje? Kwamba Padre samahani, dhambi haikuwa yangu?"

Hata shangazi hakuwa na utani tena. Nilipiga magoti kwenye maganda ya muhogo, kitu ambacho mkubwa hafanyi kwa mdogo, nikamwomba msamaha. Aliniangalia juu ya kichwa.

"Simama, dada, utachafua nguo," akasema. "Kama unataka nirudi, uyaseme palepale ulipoyasema. Jumapili, baada ya Misa, na mama jirani awepo."

Nilimwambia tuondoke wote siku hiyo. Akakataa. Alisema atakuja mwenyewe Jumamosi, muhogo ukiisha. Alikula samaki, kipande cha mkia, akanawa, akarudi kwenye kigoda.

Nilifanya kama alivyotaka. Jumapili iliyofuata mdogo wangu alikuja kutoka Bunda, mama jirani akaitwa, redio ikazimwa. Nilikaa kwenye kiti changu cha siku zote nikaona hakifai, nikahamia kwenye stuli. Nikasema yote, hata yale ya madaftari, hata ya kuwa wa kwanza darasani. Mama jirani alisema, "Yesu na Maria," akajifunika uso kwa kanga. Mdogo wangu alitazama miguu yake. Mdogo wetu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaenda kubadilisha nguo za kanisani.

Siku ileile nilienda na kwa Padre wa parokia yetu, nikauliza lile swali la mdogo wetu la kule Butiama. Padre alisema mtoto hana hatia ya kuiogopa, na kwamba mimi ninayo. Nilimpelekea jibu mdogo wetu. Akasema asante.

Tunaishi vizuri. Kesi sihukumu tena, tunakaa tunaongea kama watu watatu. Kiingereza naendelea nacho kwenye madaftari ya zamani ya mdogo wetu, mchana, mlango ukiwa wazi, na nikikwama namuuliza, naye ananielekeza bila kunicheka. Watu wanaotutazama wanasema yale yaliisha.

Lakini wiki iliyopita kikombe kilianguka jikoni. Hakikuangushwa na mtu, paka alikuwa ameruka kabatini, hata mimi nilimwona. Mdogo wetu alikuwa chumbani kwake na mlango umefungwa. Kabla sijasema neno, kabla hata vipande havijatulia sakafuni, nikamsikia kutoka kule ndani:

"Mimi niko huku!"

Nikasema, "Najua, mdogo wangu. Ni paka." Nikachukua ufagio.